Nyumba Isiyowashwa Moto

Nyumba yetu ya Maskati ilikuwa nje ya ukuta wa mji, upande wa visimani. Ilikuwa na vyumba viwili na uwanja katikati. Jiko lilikuwa pale uwanjani, mafiga chini ya kipaa cha makuti ya mtende, na kitanda cha mama yangu kilikuwa chumba cha ndani, karibu na mlango. Akilala au akikaa, jiko analiona. Nalisema hili mwanzo kwa sababu laiti kitanda kile kingekuwa ukuta wa pili, huenda nisingekuwa na la kuandika.

Tulifika kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mimi, mume wangu na mama. Ndugu yangu, mtoto wa kiume pekee wa mama, hatukuja naye. Asubuhi yalipoanza machafuko alitoka kwenda kuangalia duka lake, akamwambia mama amfunikie chai, atarudi ainywe. Mama akaifunika. Tulimngoja mpaka ikabidi kuondoka, na chai tukaiacha mezani.

Maskati, kila aliyefika bandari ya Matrah kutoka kwetu, mume wangu alimwendea kumuuliza. Alikuwa na kazi ya kuandika mizigo kwenye ghala la tajiri mmoja huko, kwa hiyo habari za wageni alizipata mapema. Kila mmoja alimjibu kuwa hajamwona. Hakuna aliyesema kafa, wala hakuna aliyesema yu hai. Mama akiletewa jibu hilo alitikisa kichwa kama mtu aliyepokea habari njema. Alisema mtu aliyekufa hakosi shahidi, Unguja si kubwa hivyo.

Mwaka uliofuata mama alipigwa na kiharusi, upande wote wa kulia. Ulimi ulirudi baada ya muda, mzito kidogo, na mkono ukarudi nusu. Mguu haukurudi. Mume wangu alitafuta gari tukampeleka kwa daktari Matrah. Daktari aliugonga mguu, akaukunja, akaunyoosha, akasema mguu huu haujafa ila umesahau kazi yake. Unataka kukunjwa na kunyooshwa asubuhi na mchana na jioni, polepole, bila kuchoka, kisha mgonjwa asimamishwe, kisha ashikwe atembezwe. Mume wangu aliuliza dawa. Daktari akanitazama mimi, akasema dawa yake ni mtu mwenye nafasi.

Nafasi ndiyo niliyokuwa sina. Nilikuwa naamka kabla ya alfajiri kwenda kisimani, kwa sababu jua likishatoka foleni ya wanawake inakuwa ndefu na maji yanakuja na matope. Nikirudi nawasha moto, nampa mama chai, nampangusa, nambadilisha nguo. Kisha kukanda unga na kuchoma mikate, kisha kuosha samaki, kisha kufua, na nguo za mgonjwa hazilali. Kisha kuni. Kisha kukuna nazi, nikiwa nimeipata, maana kule nazi zilikuja kavu kutoka Malabari, Bara Hindi, na mama bila ya nazi hakuhesabu kuwa amekula. Mguu wa mama niliushika jioni tu, na mara nyingine usingizi ulinichukua nimeukumbatia.

Mama hakulalamika. Ila kila nilipoushika alisema neno moja, na ndilo lililonikera roho. "Mwanangu akija asinikute nimelala kama gunia la mchele. Nimpokee mlangoni kwa miguu yangu."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yangu, kumsimamisha mama kabla ndugu yangu hajaja. Ndani ya moyo wangu sikuwa na hakika kuwa atakuja, lakini mguu niliuona, na wa kuunyoosha nilikuwa mimi.

Jirani yetu wa ubavuni alikuwa mama mmoja wa Kibulushi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiume. Siku moja alinikuta nimekaa chini uwanjani nalia juu ya ndoo iliyomwagika. Hakunipa pole. Aliniuliza kwa Kiarabu kama nadhani maji yanakuwa matamu zaidi nikiyateka mwenyewe. Akanieleza kuwa yeye hajachoma mkate wala kuteka maji tangu aolewe. Anafuma na kudarizi, basi. Mengine yote amewapa wanaoyajua, na wao wanapata kazi ya mikono yake. Kila nyumba pale mtaani ilikuwa hivyo, ila sisi wageni wa kutoka Unguja tu ndio tunaojifanya kila mmoja ana serikali yake.

Mimi nilijua kushona kofia. Mama alinifundisha utotoni, kofia za vitobo, na kule Maskati wanaume wote wanavaa kofia. Nikaanza na maji. Mwenye punda wa maji alikubali kutuletea kila asubuhi, nami nikamshonea yeye na kaka yake. Nikaona asubuhi yangu imefunguka kama dirisha. Nikatoa mikate, kwa mwanamke aliyekuwa akichoma mikate myembamba juu ya bamba la chuma nyumba ya pili. Nikatoa kufua. Mwisho nikatoa kupika chakula cha mchana. Hicho nilimpa shoga yangu, mwanamke wa Unguja kama sisi, aliyekuwa na watoto wengi na chungu kikubwa. Akasema vibaba viwili zaidi havitamuua. Mimi nilikuwa na deni la kofia za wanawe mpaka Idi.

Mama sikumwambia. Alikuwa mtu wa fahari. Nyumbani kwetu Unguja, mtu akituletea maji tulimrudishia ndoo imejaa kitu. Nilijua akisikia majirani wanatupikia angeona tumekuwa maskini wa kupikiwa, na asingekula. Kwa hiyo kofia nilizishona chumba cha nje, penye mwanga, wakati yeye amelala. Akiamka naweka sindano, naingia kwake mikono mitupu, nakaa mkekani kando ya kitanda. Yote yale niliyafanya ili nikae pale.

Na mguu ukaanza kukumbuka. Kwanza vidole. Kisha akaweza kuuvuta kidogo mwenyewe. Nikamkalisha ukingoni, nikamsimamisha ameshika nguzo ya kitanda kwa mkono mmoja na shingo yangu kwa mkono wa pili. Siku aliyofika mlangoni, uso umelowa jasho, alisema, "Mwanangu, nimekuwa mtoto wa kutembezwa. Nikifika mlangoni nipewe tende." Nikampa tende. Mume wangu aliporudi kutoka Matrah tukamwonesha, na mama akatembea tena, kwa kujisifu. Mume wangu alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kikoje.

Shoga yangu alikuwa akija na sinia adhuhuri, amelifunika kawa, lile la ukili la kufunikia chakula. Kwa kuwa nilimwambia kuwa mama hajui mpango wetu na mara nyingi amelala, alivua viatu nje, akaingia kwa kunyata, akaweka sinia kimya kimya, akatoka. Akinipata uwanjani alinitania kwa sauti ya chini. "Bibi harusi kaamkaje? Hilo fungate lako haliishi, mwenzangu? Jivu la jiko lako hata paka haliogopi tena." Nilicheka. Alisema kweli, kwetu mwanamke asiyeingia jikoni ni bibi harusi. Sikufikiri kuwa kuna nyumba nyingine ambayo mwanamke wake haingii jikoni.

Mama alianza kunyamaza. Nilidhani ni uchovu wa mazoezi. Alikuwa akitembezwa hatua chache, kisha anaomba kukaa, na akikaa anatazama uwanjani, kwenye jiko. Chakula alikula kidogo. Mara mbili tatu nilimkuta anadondosha machozi, akasema ni jicho la upande mbovu. Alinitazama sana usoni nilipokuwa namnyoosha mguu, kama mtu anayesoma.

Siku moja adhuhuri shoga yangu alikuwa ametoka tu. Sinia lipo chini na kawa juu yake. Mimi nimekaa mkekani nimeegemea ukuta, namngoja mume wangu. Mama akasema, bila ya kunitazama, "Leo siku ya ngapi?"

Nikamjibu ni Jumatatu.

"Sikuulizi hiyo. Siku ya ngapi ya matanga?"

Nikamuuliza matanga ya nani.

"Wewe ndiye wa kuniambia," akasema. "Moto hauwashwi nyumba hii. Maji yanaletwa, mikate inaletwa, chakula kinatoka kwa watu, kimefunikwa. Watu wanaingia wamevua viatu, hawasemi. Na wewe umekaa mkekani mchana kutwa, mikono mitupu. Mimi ni mtu mzima, mwanangu. Nani kafa?"

Wakati ule ndipo nilipoiona nyumba yangu kwa macho yake. Kwetu, nyumba iliyofiwa haipiki. Jiko linapoa, majirani wanashika kazi zote, na mfiwa anakaa chini kwenye mkeka, hashiki chochote. Nilikuwa nimeitengeneza nyumba ya msiba pale mbele ya kitanda chake, kidogo kidogo, kwa mkono wangu, wala hapakuwa na maiti.

Nilimweleza yote. Mwenye punda, mikate, kofia, jirani wa Kibulushi, kila kitu. Nikaenda chumba cha nje nikamletea kofia niliyokuwa naishona, na sindano imo. Aliishika, akaipapasa kushoto kulia, akasema vitobo nimevipanga vizuri. Kisha akaiweka mapajani.

"Bibi yangu alipokuwa mgonjwa," akasema, "mjomba wetu alifariki. Mimi ndiye niliyeambiwa nikae na bibi. Kila alipomuulizia nilimwambia kaenda Pemba kwa karafuu. Nilisema vizuri, kama unavyosema wewe. Mgonjwa haambiwi, najua. Nimefanya mwenyewe."

Hapo nilielewa kuwa kila nitakalokana litakuwa ushahidi. Nikamwambia wallahi hakuna aliyeleta habari ya kifo nyumba hii.

"Basi niapie kuwa mwanangu yu hai."

Nilisema naapa sijaambiwa chochote.

"Sikukuuliza kuambiwa. Niapie kuwa yu hai."

Sikuapa. Nimekifikiri kitambo kile miaka yote hii na bado sijui ningefanya nini kingine. Mdomo ulifunguka, na nilikuwa tayari kusema, na jina la Mungu likakwama, kwa sababu sikujua. Mama alinitazama mpaka mwisho. Kisha akaniambia nimlaze. Nilipomlaza akageuka ukutani, akajifunika kanga kichwa.

Mume wangu aliporudi nilimsimulia uwanjani. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia yake. Akasema ningeapa tu, kumtuliza mama mzee Mungu anasamehe. Nikamwambia aende yeye akaape. Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni kwa mama, akasimama. Kisha akarudi akakaa palepale. Alisema mama amelala, ingawa wote wawili tulimsikia anavuta pumzi za kulia.

Siku ya pili nilivunja mpango wote. Nilimwambia mwenye punda asije, nikawaambia na wengine. Alfajiri nilikwenda kisimani. Nikawasha moto mkubwa kuliko haja, kuni mbichi, moshi ukajaa uwanja mzima. Nikakaa juu ya mbuzi nikakuna nazi mbele ya mlango wa mama, ili aone na asikie, maana sauti ile ya nazi hakuna asiyeijua kwetu. Nilimwita aangalie. Mama aligeuka. Aliutazama moto kwa muda, akanitazama mimi na unga wa nazi mikononi.

"Mmeshaondoa matanga," akasema. "Khitma imesomwa?"

Nikaendelea kukuna, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshaanza.

Nilimleta shoga yangu ashuhudie. Alikaa kitandani, akamshika mama mkono, akaapa kwa Mungu na kwa watoto wake kuwa yeye alipika kwa sababu ya kofia tu. Mama alimsikiliza kwa adabu. Mwishoni akasema, "Mungu akulipe, mwanangu. Ulitupikia siku zote zile. Ukifikwa na wewe, wenzako wakufanyie." Shoga yangu alitoka, akakaa jikoni kwangu, akalia kwa kwikwi na utaji mdomoni. Baada ya siku ile hakunitania tena, wala mimi sikumdai utani.

Mguu mama hakunipa. Nilipoushika alisema niache, unauma, na mimi nilijua mahali unapouma na mahali usipouma. Nilimbembeleza. Nilimkasirikia. Nilimkumbusha mlango na tende. Akaniuliza, si kwa ukali, "Mguu wa kwenda kumpokea nani?" Basi nikawa namkanda tu kwa mafuta usiote vidonda, na mguu ukasahau tena, haraka kuliko ulivyokumbuka.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kuwa na mimi nilibadilika. Mama hakuwa na habari hata moja zaidi ya nilizokuwa nazo. Alikuwa na jiko lililopoa na sinia lililofunikwa. Lakini alilisema neno ambalo sisi wengine tulikuwa tumelizunguka tangu tushuke kutoka melini, na likishasemwa halirudi. Mume wangu akija kutoka Matrah na kusema leo wamefika watu kutoka kwetu, nilikuwa naendelea na kazi yangu, na yeye hamalizii. Baadaye akaacha kuwaendea. Hatukukubaliana hivyo. Kuuliza kuliisha tu.

Mama aliishi hivyo majira ya joto yale, majirani wengi walipohamia mashambani Sib kwa msimu wa tende na mtaa ukawa mtupu. Alikuwa mtulivu. Alimwombea ndugu yangu kila baada ya sala, kwa jina, maombi ya marehemu. Mwanzo nilikuwa natoka bila ya yeye kuniona. Halafu nikawa nakaa. Mwisho, mikono yangu ikawa inanyanyuka pamoja na yake.

Alifariki baridi ilipoanza, mchana, mimi nimo jikoni nachochea moto. Nilimsikia anakohoa, nikasema nageuza mkate huu kwanza naja. Niligeuza mkate. Nilipofika alikuwa ameshakwenda.

Walipokuja kumwosha, yule mwoshaji aliniomba nimshikie mguu wa kulia. Niliujua uzito wake. Ulinyooka mikononi mwangu bila ya taabu yoyote, ukakunjika, ukanyooka.

Kisha majirani wakaja. Jirani wa Kibulushi mwenyewe alizima moto wangu, akafagia jivu. Mwenye punda alileta maji bila kuitwa. Mikate ikaja, sinia likaja na kawa lile lile juu, na shoga yangu akavua viatu mlangoni akaingia kwa kunyata. Nilikalishwa mkekani, niegemee ukuta, mikono mitupu. Hakuna kilichokuwa tofauti na siku zile nilizokuwa nikimfundisha mama kutembea. Nilitazama kitanda kitupu na jiko kule uwanjani, nikajua alichokuwa akikiona.

Siku ya khitma wanaume walisoma chumba cha nje, sisi wanawake tuko ndani. Kabla ya dua mume wangu alikuja nyuma ya pazia. Alisema msomaji anauliza kama kuna marehemu wengine wa kutajwa. Alijua anachouliza, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. Shoga yangu alinishika goti.

Nilisema, "Na ndugu yangu."

Akauliza nyuma ya pazia, "Una hakika?"

"Sina," nikasema. "Mtaje."

Akamtaja. Niliwasikia wote wakiitikia.

Mwaka wa sabini, alipotawala Sultani mpya, mambo yalifunguka Maskati. Watu wetu wakaanza kuja kwa wingi, kutoka Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, na mtaani kwetu kila jioni kulikuwa na mtu anayekimbilia nyumba fulani kuuliza habari za watu wake. Mume wangu alinitazama siku moja, kisha akavaa kofia yake akaenda dukani kununua mafuta ya taa. Mimi sikwenda kuuliza. Ningemuulizia vipi mtu ambaye nimemsomea khitma? Na kama yupo anayejua, sitaki anikute mlangoni.

Maji nateka mwenyewe. Mikate nachoma mwenyewe, nafua, nakuna nazi. Jirani wa Kibulushi bado ananigombeza, anasema napoteza siku zangu kwa kazi ambazo mtu mwingine angezifanya kwa kofia moja. Ni kweli, nafasi sina. Nikimaliza kazi ya mwisho nachochea makaa, naongeza kuni ambazo hazihitajiki, nakaa karibu na moto mpaka mume wangu arudi.